Simba Aliyekaa Mahali pa Jina

Tangu nirudi mmeniuliza swali lilelile, mmoja kwa simu, mwingine kwa ujumbe, na yule asiyejua kunyamaza akaniuliza mbele ya wake zetu: jina umelileta, ridhaa umeileta, mbona hutaki kijitabu kichapwe? Nimekuwa nikijibu kwa kukohoa. Sasa naandika mara moja, msome wote, mnicheke au mninunie kwa pamoja.

Kwa shemeji zetu na watoto, maana najua mtawapa nao wasome, nianze na kanda yenyewe. Ni kanda ya rege iliyorekodiwa Dar es Salaam zamani zile watu walipokuwa wakirudisha utepe kwa kalamu. Upande wa kwanza una nyimbo nne za mwimbaji ambaye hadi leo tukimtaja tunavua kofia. Upande wa pili una nyimbo zilezile, ila kuna mtu amezivua sauti, akabakiza besi na ngoma, akaacha kipande cha kinanda kije, kipotee, kirudi kwa mbali. Ndiyo dabu hiyo. Sisi wa Jumapili tumeusikiliza upande huo miaka na miaka hapa Morogoro, chai inapoa, tukibishana ni nani alikuwa amekaa kwenye mtambo. Mwimbaji tunamjua, mkewe tunamjua, hata aliowahi kugombana nao tunawajua. Aliyetengeneza upande tunaoupenda kuliko wote hatumjui, na rege imejaa watu wa namna hiyo, ambao bila wao hakuna wimbo na ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Ninyi hamkumjua. Mimi nilimjua.

Nilipokuwa na miaka ishirini nilifanya kazi kwenye duka la kurudufu kanda, Kariakoo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo kava zote niliziandika mimi kwa mkono, kisha zikatolewa fotokopi. Siku moja fundi mitambo wa kanda ile akaja dukani mwenyewe, mtu mwembamba, shati amelifunga hadi kifungo cha juu. Akanipa kipande cha karatasi: Sifaeli Mbwambo, Same. "Kijana, usinisahau hapo chini," akasema. Nikamwambia nafasi imejaa. Ilikuwa imejaa kweli, kwa sababu hapo chini nilikuwa nimemchora simba. Nilimchora kwa siku mbili na nilimpenda. Fundi akamtazama simba, akanitazama mimi, akasema sawa, akaondoka.

Huyo ndiye simba mliyemchapa kwenye fulana zetu. Kila Jumapili mnamsifia na kuuliza ni mkono wa nani, na mimi nimekuwa nikinywa chai yangu.

Kwa hiyo mlipoamua kuitoa kanda upya, pamoja na kijitabu chenye majina ya wote walioitengeneza, nikajitolea kwenda Same kabla mtu mwingine hajafumbua mdomo. Nilisema jina nimelipata kwa rafiki wa zamani. Mlidhani ni moyo wa kujitolea. Nilikuwa na kazi mbili: kumpata Sifaeli Mbwambo na kuomba ridhaa yake, na kumwambia kwa kinywa changu kuwa mimi ndiye niliyemnyima nafasi. Ya kwanza nimeifanya.

Morogoro hadi Same

Basi lilikwenda vizuri hadi tulipoipita Mombo. Hapo mkanda wa feni ukakatika, na dereva akatuambia mkanda mwingine unakuja "sasa hivi" kutoka Korogwe. Tulikaa kando ya barabara saa tatu na nusu. Tulikula mayai ya kuchemsha yote ya kijana mmoja, kisha mahindi ya kuchoma yote ya dada yake, kisha hakukuwa na kitu tena cha kula isipokuwa kutazamana.

Konda, ili watu wasichachamae, akaomba mwenye muziki autoe. Nikampa flashi yangu kwa moyo mkunjufu. Mnajua nilichoweka. Upande wa kwanza watu waliupokea, mzee mmoja hata akatikisa bega. Ulipoingia upande wa pili, sauti ya mwimbaji ikakatika katikati ya neno, besi ikabaki peke yake, na konda akaja mbio.

"Mzee, flashi yako imekufa. Mwimbaji anapotea."

"Haijafa. Ndivyo ulivyo."

"Amelipwa nusu?"

Basi zima likacheka. Nikaanza kueleza dabu ni nini, kosa ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya mbele ya watu wenye njaa. Wakati nikieleza, ukafika ule mlio wa wimbo wa tatu, ule mzito, unaopanda kidogo kisha kukaa, unaorudiwa mara tatu. Mama wa makamo aliyekuwa kiti cha pili, anayeelekea kwao Lembeni, akageuka akaniuliza, "Baba, hilo baragumu mlilirekodia wapi?"

Nikamjibu kwa upole wa mtu anayejua kuwa lile si baragumu, ni kinanda kilichopitishwa kwenye mtambo wa mwangwi. Ndivyo tulivyokubaliana Jumapili nyingi, na mmoja wetu ameliandikia kurasa tatu.

"Kwetu likilia hivyo unachukua jembe unatoka," akasema mama. "Kama mnasema ni kinanda, haya."

Akageukia dirishani. Nami nilijisikia nimemwelimisha mtu.

Same

Same ilinipokea kwa upepo. Vumbi liliniingia masikioni kabla sijashusha mguu wa pili. Nililala nyumba ya wageni karibu na barabara kuu, na asubuhi nikaenda kwenye kibanda cha chai kuanza kuuliza.

"Namtafuta Mzee Mbwambo," nikasema.

Mama wa chai aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi akiwa amesimama mtoni. "Mbwambo yupi? Mimi ni Mbwambo. Huyu anayegeuza chapati ni Mbwambo. Mwenye kibanda ni Mbwambo, na yule anayekunywa uji pale kaoa kwa Mbwambo. Wewe unataka yupi?"

"Sifaeli."

Hapo watu watatu wakaweka vikombe chini. Mgeni mtu mzima, ana begi, anamtafuta mzee kwa jina kamili: wakadhani nimekuja na habari ya msiba. Mmoja akaniomba nikae kwanza, ninywe chai, nisiseme haraka. Mwingine akapiga simu kwa kaka yake kumuuliza kama wote wazima. Ilichukua vikombe viwili kuwatoa hofu, na vingine viwili kuwaeleza rege. Nilipotaja kanda na muziki, yule mnywa uji akapiga paja. Sifaeli Mbwambo wa muziki? Yuko Kihurio, ana shamba la mpunga. Kila mtu anamjua.

Nilifurahi kupita kiasi. Sikuuliza swali la pili, la muziki gani.

Kihurio, kwa Sifaeli wa kwanza

Gari la Kihurio lilizunguka milima kwa upande wa mashariki. Tulipofika Kisiwani tukasimama muda mrefu kupisha ng'ombe, kundi baada ya kundi, na mfugaji aliyekuwa nyuma ya kundi la mwisho akatusalimia kwa fimbo bila kuharakisha hata hatua moja. Dereva alizima injini. Mimi niliutumia muda huo kujizoeza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga tangu Morogoro: kwanza shikamoo, pili mimi ni nani, tatu kosa langu, nne samahani. Niliyasema kimyakimya mpaka jirani yangu akaniuliza kama nasali.

Mzee Sifaeli wa Kihurio alikuwa barazani akichambua mbegu kwenye ungo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti nene iliyonipa moyo, maana nilijiambia hii ni sauti ya mtu wa muziki.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya kanda," nikasema.

Ungo ukasimama. "Ya Dar es Salaam?"

"Ya Dar es Salaam."

"Ile ambayo jina langu hawakuliandika."

Nilikaa bila kukaribishwa, na maneno yote yakatoka kwa mpangilio wake, tena mazuri kuliko nilivyoyapanga. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa naandika kava. Nilimwambia nilikuwa kijana mjinga niliyependa mchoro wangu kuliko kazi ya mtu. Nilimwambia nimeishi na jambo hilo miaka yote na sikumwambia mtu hata mmoja. Nililia, na siwafichi. Mzee akaniwekea mkono begani akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Yamekwisha leo."

Watu wa nyumbani mwake wakaleta wali na maharage ya nazi. Nilikula sahani mbili. Nilikuwa mwepesi, mwenye furaha, nikamsimulia juu yenu na jinsi mnavyobishana. Jua likaanza kushuka. Ndipo akaniuliza kama tutazitoa upya na zile nyimbo za Pasaka.

"Nyimbo gani za Pasaka, mzee?"

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Kanda yake ilikuwa ya kwaya, iliyorekodiwa Dar es Salaam miaka hiyohiyo, na nyimbo zote alizitunga yeye, na kava likaandikwa jina la mchungaji peke yake. Tulitazamana. Sijui nani kati yetu aliona aibu zaidi. Nikaanza kuomba radhi upya, sasa kwa kuomba radhi kimakosa, akanikatiza kwa mkono.

"Unayemtaka ni Sifaeli wa mitambo. Yuko juu milimani, upande wa Gonja. Ndiye mwenye kusimamia ndiva ya kijiji." Ndiva ni bwawa lao la kukusanyia maji ya kumwagilia. "Wote tulikuwa mjini wakati mmoja, watu walikuwa wakituchanganyia barua."

"Basi msamaha ule, mzee..."

"Wewe mpelekee mwenyewe wake. Huu wa kwangu niachie. Walioliacha jina langu hawajaja na sidhani kama watakuja."

Nililala kwake. Ninapoyafikiria sasa, naona kuwa Kihurio ndiko nilikoiharibu safari. Niliyapeleka maneno yangu kwa mtu ambaye sikumkosea, yakapokewa vizuri, nami nikabaki na utamu wa kusamehewa kabla ya kufanya lililonitoa nyumbani.

Kupanda

Maore nilipata pikapu inayopanda kuchukua tangawizi. Dereva wake, kijana mchangamfu aitwaye Zuberi, aliniambia nikae nyuma juu ya magunia matupu, mbele amejaa mke wa mwenye gari. Barabara ilipanda, ikajikunja, ikapanda tena. Chini mashamba ya mpunga yakawa vipande vya kijani, kisha ukungu ukayafunika. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia mahali fulani, na Zuberi akaniambia kwa adabu kwamba sehemu iliyobaki miguu yangu inaijua kuliko matairi yake. Yeye angengojea palepale wapakiaji, kesho asubuhi anashuka.

Kijiji sikitaji. Mzee hakuomba siri, ila nawajua ninyi, mtamfikia na maswali.

Nilikuwa nimetembea kama saa moja, kifua kinauma, nilipousikia ule mlio. Wimbo wa tatu, upande wa pili. Ule ule mzito, unapanda kidogo kisha unakaa. Ulitoka kwenye ukingo wa mlima upande wa kushoto, ukajibiwa kutoka upande wa kulia. Nilisimama nikiwa nimeacha mdomo wazi. Nywele zilinisimama, ndugu zangu. Mama wa Lembeni alikuwa amesema kweli na sisi na kurasa zetu tatu tulikuwa tunatwanga hewa. Ilikuwa pembe, na pembe ile ilikuwa ikiita watu.

Sasa sikilizeni mtu wa dabu anachofanya akiitwa. Nilitua begi, nikatoa kinasa sauti changu, nikapanda juu ya jiwe, nikashika pumzi. Watu walianza kutoka kwenye migomba, wanawake na wanaume, majembe begani, wengine na karai. Walinipita wakinitazama. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope kwenye ndiva. Nimekuja kuambiwa baadaye kuwa mtu akikutwa njiani na pembe ya msaragambo, hata awe mpita njia, anaweka mzigo chini na kwenda nao, angalau abebe karai moja. Haulizwi ni nani. Ndivyo anavyokaribishwa.

Mzee mmoja mwenye viatu vya mpira akasimama chini ya jiwe langu.

"Mgeni," akasema, "weka mzigo twende."

Pembe ilikuwa katikati ya mlio wa pili. Nikaweka kidole mdomoni, nikamfanyia "shhh".

Sikumwamkia. Sikumtazama hata usoni, nilikuwa natazama taa ndogo ya kinasa sauti. Nilisikia viatu vya mpira vikiondoka polepole. Kipande hicho ninacho. Nimekisikiliza mara moja tu tangu nirudi na sitawapigia.

Nyumbani kwa mwenye ndiva

Nyumba ya Sifaeli Mbwambo nilionyeshwa na bibi mgonjwa wa mguu, mtu pekee niliyemkuta kijijini mbali na mke wa mzee mwenyewe. Mke huyo watu humwita Mama Upendo. Alikuwa akiinjika chungu cha makande ya watu wa ndivani. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama viatu.

"Mzee yuko ndivani na wenzake. Si mbali, fuata mfereji. Nenda ukamwone hukohuko."

Nikamwambia miguu inauma, nitamsubiri. Akasema, "Wanafurahi mgeni akienda." Nikasema nitasubiri, mama, asante. Akanipa kiti. Akanipakulia makande na maziwa ya mgando, nikala kabla ya watu waliokuwa wakifanya kazi, na yalikuwa matamu, na hilo nalo naliona aibu.

Alasiri mzee akarudi, tope hadi magotini. Nilimjua kwa viatu kwanza.

Nilisimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeninyamazisha."

Alisema bila hasira, kama anayesoma jina langu kwenye orodha. Nikajieleza: kinasa sauti, pembe, kanda, rafiki zangu wa Morogoro. Nilipoitaja kanda akakaa chini, akavua kiatu kimoja, akasahau kuvua cha pili. Nikamtolea nakala yangu ya zamani. Akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya tope.

Naomba mnisamehe kwa kufupisha yale mliyonituma. Alinieleza mambo yote, na nimeyaandika. Ule mwangwi tunaousujudia aliutengeneza kwa pipa tupu la maji, spika ndani, maikrofoni mdomoni mwa pipa, kwa kuwa mwenye studio alikuwa na mtambo wa mwangwi lakini akiufungia kabatini. Pembe aliinasa kwa redio alipokuja likizo, akairudisha mjini ikiwa na kelele za kuku. Mwimbaji aliposikia sauti yake imetolewa alinuna wiki nzima.

"Ulijifunzia wapi, mzee, kutoa na kurudisha vile?"

Akaelekeza kidole kule alikotoka. "Hapo. Maji hayatoshi mashamba yote kwa mara moja. Unamfungia huyu, unamfungulia yule, na uliyemfungia lazima ajue zamu yake inarudi. Nilikuwa nafanya hivyo na babu yangu kabla sijaona mtambo."

Nikamwambia tunataka kuandika jina lake. Akasema mbele ya lake niandike Rajabu, mpiga besi, ambaye mchana alikuwa akishona viatu Buguruni na alikufa bila kumiliki gitaa. Kisha Tausi, aliyepiga kinanda kwa siku moja tu, kwa sababu mpiga kinanda wa bendi alilewa, na watu wakampongeza yule mlevi. "Mimi niweke wa tatu," akasema. "Andika nione."

Nikafungua daftari nikaandika majina matatu kwa mwandiko wangu mzuri wa siku zote. Akaomba daftari. Alilitazama muda mrefu sana. Niliona macho yake yamelowa na nikadhani ni furaha ya kuona jina lake limeandikwa. Kisha akachukua tena kava la kanda, akaliweka juu ya goti, kando ya daftari.

"Huyu kijana aliyechora simba," akauliza, "bado yuko hai?"

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimesimama kizingitini. Lakini asubuhi ileile nilikuwa nimemfanyia "shhh" mbele ya kijiji chake, nilikuwa nimekula makande ya wafanyakazi, na maneno yangu mazuri niliyaacha Kihurio. Niliona nikiongeza na hili nitakuwa si mtu tena mbele yake.

"Sijui, mzee," nikasema. "Hatukuwahi kumjua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Alikuwa na mkono mzuri," akasema, akanirudishia daftari. Kisha akavua kiatu cha pili, akamwita mkewe alete chai ya tangawizi, na hatukuzungumza tena habari za kanda. Tulizungumza mvua, bei ya tangawizi na watoto wake walioko Arusha. Nilipomwomba ridhaa akasema, "Andikeni tu."

Kushuka

Nilipoamka mzee alikuwa ameshaondoka. Ilikuwa zamu ya kufungua maji baada ya msaragambo, na kazi hiyo haachii mtu. Mama Upendo akanifungia tangawizi kwenye mfuko, akajitanda khanga, akasema atanisindikiza hadi gari lilipo. Nikakataa, umbali ule na umri wake, akatangulia.

Tulishuka tukizungumza mambo madogo. Mfereji ulikuwa kando ya njia, mkavu, na tulipofika katikati maji yakaanza kuja, kwanza mstari mwembamba wenye majani, kisha mfereji ukajaa. Mama akatabasamu. "Mzee huyo amefungua."

Pikapu ya Zuberi tuliiona imeshapakiwa. Mama akasimama pale mfereji unapoiacha njia, akanipa mkono, na hakuuachia.

"Baba, nikuambie neno. Si langu, lakini ukiondoka nalo halitanipa amani."

"Niambie, mama."

"Mzee alikujua jana. Ulipoandika. Alisema ile herufi ya kwanza ya jina lake unaikunja mkia vilevile ulivyoikunja kwenye majina ya nyimbo za kanda. Kanda ile anayo ndani, anaijua kila herufi." Alizungumza polepole, macho yake kwenye maji. "Akakuuliza habari za yule kijana ili akupe nafasi."

Nami nikayatazama maji.

"Hakulala vizuri. Asubuhi ameniambia, labda mgeni atapitia ndivani kuniaga. Ameniambia nikuonyeshe njia, ila nisikusukume." Akaonyesha kijinjia kilichopanda kando ya mfereji. "Ni pale tu. Ukiita kwa nguvu anakusikia."

Nilikitazama kijinjia kile. Juu yake, nyuma ya migomba, nilisikia jembe likigonga jiwe, mara moja, kisha kimya, kisha mara ya pili. Zuberi akapiga honi, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, tangawizi inapata jua! Unapanda au unabaki?"

Mama Upendo akauachia mkono wangu.

"Napanda," nikasema, nikarusha begi juu ya magunia.